Jina la Cornwall na Maana Yake



Mtoto akizaliwa hupewa jina na wazazi wake, na jina hilo humfuata mpaka kaburini. Lakini je, nchi hupewa jina na nani? Mara nyingine huitwa hivi au vile na wenyeji wake, na mara nyingine huitwa na wageni waliokuja baadaye. Leo nataka kuwaeleza habari za jina moja lililotungwa na watu wa namna zote mbili, nusu ni ya wenyeji na nusu ni ya wageni. Jina hilo ni Cornwall, nalo ni jina la kaunti iliyo kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza.

Sisi watu wa Kenya tumelizoea neno kaunti tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipoigawa nchi yetu katika kaunti 47. Kwa Waingereza neno hilo ni la zamani sana, nalo lilitoka kwa Wanormani, watu wa Ufaransa walioishinda nchi hiyo katika mwaka 1066. Kabla ya hapo Waingereza wenyewe walisema shire, yaani sehemu ya utawala. Ndiyo sababu majina mengi ya kaunti zao huishia kwa neno hilo. Yorkshire, kwa mfano, ni sehemu iliyo chini ya mji wa York. Majina mengine yataja watu. Essex ni Wasaksoni wa mashariki, na Sussex ni Wasaksoni wa kusini. Norfolk ni watu wa kaskazini, na Suffolk ni watu wa kusini. Majina hayo yote ni ya Kiingereza cha kale, na maana yake haina shida. Bali jina la Cornwall halifanani nayo, kwa maana ndani yake mna lugha mbili na mna habari ya watu wawili waliokutana kwa vita.

Pembe ya nchi

Mtu akiitazama ramani ya Uingereza ataona kwamba Cornwall imechomoza baharini kama pembe ya ng'ombe. Upana wake wazidi kupungua mpaka kufika kwenye ncha iitwayo Land's End, yaani Mwisho wa Nchi. Kaskazini ni bahari, kusini ni bahari, na magharibi vilevile. Upande wa mashariki uko mto Tamar, ambao chimbuko lake ni karibu na pwani ya kaskazini, nao wapita kuelekea kusini mpaka kuingia baharini karibu na mji wa Plymouth. Hivyo Cornwall imekosa kidogo tu kuwa kisiwa.

Wenyeji wa nchi hiyo katika lugha yao waliiita Kernow, na mpaka leo wako waiitao hivyo. Wataalamu wa lugha wameeleza kwamba neno hilo latokana na neno la kale la Wakelti lenye maana ya pembe, nalo ni ndugu wa neno la Kilatini cornu, ambalo maana yake ni hiyo hiyo. Sisi tusemao Kiswahili hatuna haja ya kuelezwa zaidi, kwani twasema pembe ya ng'ombe na pembe ya nyumba, tena twasema Pembe ya Afrika kwa nchi ya Wasomali iliyochomoza baharini. Basi nusu ya kwanza ya jina hili, yaani Corn, ni neno la wenyeji. Walijiita watu wa pembe kwa sababu waliishi katika pembe ya nchi.

Mwenyeji aliyeitwa mgeni

Sasa tuitazame nusu ya pili. Hapana budi turudi nyuma mpaka mwanzo wa karne ya 5, wakati utawala wa Warumi ulipokwisha katika Britania. Watu wa nchi hiyo wakati ule waliitwa Wabritoni, na lugha yao ilikuwa ya jamii ya Wakelti. Baada ya Warumi kuondoka walikuja watu wengine kwa mashua kutoka sehemu ambazo leo ni Ujerumani na Denmark. Hao ni Waangli na Wasaksoni, ambao lugha yao ndiyo iliyozaa Kiingereza cha leo. Walitua kwanza pwani ya mashariki, kisha wakaendelea kidogo kidogo kuelekea magharibi, wakiitwaa nchi.

Katika lugha yao walikuwa na neno wealh, na wakiwa wengi husema wealas. Maana yake ni mgeni, mtu wa lugha nyingine. Neno hilo ndilo walilowaita Wabritoni. Lifikirini jambo hili vizuri. Watu waliofika jana kwa mashua waliwaita wageni wale waliowakuta wamekaa katika nchi yao tangu zamani za mababu! Sisi husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini huko mgeni alikuja, na mwenyeji akageuzwa kuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe.

Wala jambo hili halikuwa la maneno matupu. Mfalme Ine wa Wessex, ambaye alitawala tangu mwaka 688 mpaka 726, alitoa sheria zilizoandikwa, na katika sheria hizo imo habari ya dia, yaani malipo yaliyotolewa mtu akiuawa. Dia ya Msaksoni wa kawaida aliye huru ilikuwa shilingi 200. Dia ya Mbritoni mlipa kodi ilikuwa shilingi 120. Shilingi za wakati ule si kama shilingi zetu, lakini tofauti ya hesabu yaonekana wazi. Mtu aliyeitwa wealh thamani ya damu yake ilikuwa ndogo. Baadaye neno lenyewe likaanza kutumiwa kwa maana ya mtumwa pia.

Neno hilo ndilo lililotoa jina la nchi ya Wales. Watu wa Wales wenyewe hawajiiti hivyo. Katika lugha yao nchi yao ni Cymru, jina lililotoka katika neno la kale lenye maana ya watu wa nchi moja, yaani wenzetu. Neno hilo hilo limo pia katika jina la Cumberland, kaunti ya zamani ya kaskazini mwa Uingereza, mahali ambapo Wabritoni wengine walikaa muda mrefu. Kwa hiyo watu wale wale walikuwa na majina mawili. Wao kwa wao waliitana wenzetu, na jirani zao waliwaita wageni.

Jina likakamilika

Katika mwaka 577 Wasaksoni walishinda vita mahali paitwapo Dyrham, wakaitwaa miji ya Bath, Cirencester na Gloucester. Tangu hapo njia ya nchi kavu baina ya Wabritoni wa Wales na wenzao wa kusini-magharibi ilikuwa mikononi mwa maadui. Ndugu hao wakatengana, na kila upande ukaenda njia yake. Wasaksoni wakahitaji neno la kuwatofautisha. Wale wa kusini-magharibi wakawaita Cornwealas, maana yake wageni wa pembeni. Jina hilo la watu ndilo lililogeuka kuwa jina la nchi, na baada ya kutamkwa kwa karne nyingi likawa Cornwall.

Katika kitabu cha kumbukumbu za miaka cha Waingereza wa kale jina hilo limetajwa katika habari ya mwaka 891. Imeandikwa kwamba watu watatu wa Ayalandi walisafiri kwa mashua ya ngozi isiyo na makasia, wakimwachia Mungu awapeleke apendako. Baada ya siku saba mawimbi yaliwatupa katika pwani ya Cornwall, nao wakaenda kumwona mfalme Alfred.

Wakati huo nguvu za wafalme wa Cornwall zilikuwa zimepungua sana. Mfalme Ecgberht wa Wessex alikuwa amewashinda watu wa Cornwall pamoja na rafiki zao Wadenmark katika vita vya Hingston Down mwaka 838. Kumbukumbu za Wales zasema kwamba katika mwaka 875 mfalme Dumgarth wa Cerniu alizama majini akafa. Cerniu ndilo jina lile lile la Kernow, na baada yake hatuoni tena mfalme wa huko akitajwa katika kumbukumbu hizo. Tena William wa Malmesbury, mwandishi wa historia wa karne ya 12, asimulia kwamba mfalme Athelstan aliwafukuza watu wa Cornwall katika mji wa Exeter, akauweka mto Tamar uwe mpaka wao. Athelstan alikufa katika mwaka 939. Mpaka ule wa mto wafuatwa karibu mahali pote hata leo.

Lugha iliyonyamaza

Utawala ukaondoka, lakini lugha ikabaki. Katika mwaka 1337 mfalme Edward wa Tatu alimfanya mwanawe kuwa Duke wa Cornwall, na tangu hapo cheo hicho ni cha mwana wa kwanza wa kiume wa mfalme wa Uingereza. Wakati huo wakulima, wavuvi na wachimba bati wa sehemu za magharibi walikuwa wakisema lugha yao wenyewe, lugha ya Kernow. Hata Polydore Vergil, Mwitaliano aliyeandika historia ya Uingereza iliyochapishwa katika mwaka 1534, alisema kwamba kisiwa cha Britania kina watu wa aina nne, nao ni Waingereza, Waskoti, watu wa Wales, na watu wa Cornwall.

Msiba ulikuja katika mwaka 1549. Serikali iliamuru kwamba ibada zote makanisani zisomwe kwa Kiingereza kutoka katika Kitabu kipya cha Sala, badala ya Kilatini kilichozoewa. Watu wa Cornwall na jirani zao wa Devon wakaasi. Watu wa Cornwall walieleza kwamba miongoni mwao wako wasiojua Kiingereza kabisa. Waliuzunguka mji wa Exeter kwa majuma kadhaa, lakini mwisho jeshi la serikali liliwashinda, na maelfu waliuawa. Kitabu cha Sala hakikutafsiriwa kwa lugha yao wakati huo, wala Biblia.

Hapa yafaa tulinganishe. Watu wa Wales walipata Biblia nzima katika lugha yao mwaka 1588, kazi ya kasisi William Morgan, na lugha yao ikasomwa kanisani kila Jumapili. Leo ingali hai, nayo yafundishwa katika shule zao. Lugha ya Cornwall haikupata kitabu kama hicho. Ikarudi nyuma kijiji kwa kijiji, kutoka mto Tamar kuelekea magharibi, mpaka ikasikiwa tu kwa wazee wachache karibu na Mwisho wa Nchi.

Katika mwaka 1768 bwana mmoja mwenye elimu, jina lake Daines Barrington, alikwenda huko kutafuta kama yuko mtu aliyebaki akiisema lugha hiyo. Katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Mousehole alionyeshwa mwanamke mzee muuza samaki, Dolly Pentreath. Mzee huyo alimfokea kwa muda wa dakika mbili au tatu kwa lugha ya mababu zake, na Barrington akatambua kwamba lugha hiyo yafanana na ya Wales. Bibi Dolly alikufa katika mwezi wa Desemba mwaka 1777. Watu wengi humtaja kuwa msemaji wa mwisho aliyeirithi lugha hiyo tangu utotoni, ijapokuwa wengine waliokuwa wakiijua kidogo waliishi baada yake. Katika mwaka 1860 jiwe la ukumbusho wake liliwekwa kwenye ukuta wa kanisa la Paul, karibu na kijiji chake.

Majina yaliyobaki

Hata hivyo, lugha iliponyamaza vinywani, ilibaki katika majina. Tre ni boma au makazi, Pol ni dimbwi, na Pen ni kichwa au ncha. Mahali pengi katika Cornwall majina yake huanza kwa maneno hayo, na vilevile majina ya jamaa nyingi za huko. Yule fundi Richard Trevithick, ambaye katika mwaka 1804 aliendesha gari la moshi la kwanza kuvuta mizigo juu ya reli huko Wales, jina lake laanza kwa Tre, yaani boma. Mji wa Penzance maana yake ni ncha takatifu.

Na tuutazame mji wa Redruth, ambao zamani ulikuwa na migodi mikubwa ya bati na shaba. Mwingereza akilisikia jina hilo hudhani kwamba sehemu ya kwanza ni neno lake red, yaani nyekundu. Amekosea. Katika lugha ya Cornwall sehemu hiyo ya kwanza ni kivuko cha mto, na sehemu ya pili ndiyo nyekundu. Mji huo ni Kivuko Chekundu. Hivyo ndivyo mtu awezavyo kukaa katika mji maisha yake yote, akilitaja jina lake kila siku, asijue linasema nini.

Liko jina moja ambalo lilitugusa hata sisi wa Afrika ya Mashariki. Karibu na Mwisho wa Nchi iko ghuba ndogo iitwayo Porthcurno, maana yake bandari ya pembe. Tangu mwaka 1870 nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari zilitua katika ufuko wake, zikiiunganisha Uingereza na Gibraltar, Malta na Bara Hindi. Katika mwaka 1879 waya ulilazwa kutoka Aden mpaka Unguja, na hivyo pwani yetu ikaungwa na mlolongo huo wa nyaya. Makarani wa simu waliofanya kazi hiyo walilitaja jina la Porthcurno mara nyingi, na huenda ni wachache waliojua kwamba walikuwa wakisema neno la lugha ya Bibi Dolly.

Jina la aibu likawa la fahari

Katika mwaka 1904 Henry Jenner alitoa kitabu cha kufundisha lugha ya Cornwall, na watu wakaanza kujifunza tena kwa kutumia maandiko ya kale. Kazi ilikwenda polepole, tena kulikuwa na mabishano mengi juu ya namna ya kuandika maneno, mpaka mapatano yakapatikana katika mwaka 2008. Serikali ya Uingereza iliitambua lugha hiyo katika mwaka 2002. Mwaka 2009 Shirika la UNESCO lilikuwa limeiandika miongoni mwa lugha zilizokufa, lakini wenyewe walipinga, na katika mwaka 2010 ikaandikwa kuwa lugha iliyo hatarini sana. Katika mwaka 2014 serikali iliwatambua watu wa Cornwall wenyewe kuwa taifa dogo lenye haki ya kulindwa. Msafiri avukaye mto Tamar leo hukuta majina mawili katika kibao cha kumkaribisha, Cornwall na Kernow.

Jambo la kutazamwa ni kwamba hawakulitupa jina la Cornwall. Jina ambalo nusu yake ilikuwa dharau, neno la mtu ambaye damu yake ilihesabiwa kuwa rahisi, leo wenyewe walitaja kwa fahari. Dharau imekwisha kwa sababu watu walioitwa hivyo wameishi, wamefanya kazi, na wamejulikana kwa kazi zao. Lakini hawakuridhika na jina hilo peke yake. Wamelirudisha na lile walilojipa wenyewe, yote mawili yakae pamoja katika kibao kimoja, ili mtoto aulize kwa nini yako mawili, naye aelezwe.

Sisi pia twayajua mambo kama haya. Jina la Waswahili latokana na neno la Kiarabu sawahil, maana yake pwani. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa katika mwaka 1331, alilitumia neno hilo katika habari za safari yake. Bali wenyeji wa miji ya pwani walizoea kujiita kwa miji yao, Waamu, Wapate, Wamvita. Jina lililotoka nje limekuwa letu, na lugha yenye jina hilo ndiyo nisemayo nanyi sasa. Hatuna haja ya kulionea haya. Lakini ingekuwa hasara kubwa kama tungeyasahau yale mengine.

Kwa hiyo, mabibi na mabwana, nawaomba jambo moja. Kila mmoja wenu atoka katika kijiji, au kilima, au mto wenye jina. Mwulizeni mzee wa hapo maana ya jina hilo, nani aliyelitoa, na mahali hapo paliitwaje kabla yake. Kisha yaandikeni maneno yake katika daftari pamoja na tarehe. Barrington alipofika Mousehole alimkuta mzee mmoja muuza samaki, naye akapata kumsikia kwa dakika chache tu. Kama watu wa Cornwall wenyewe wangaliketi na wazee wao miaka mia moja mapema, kalamu mkononi, wajukuu wao wasingalipata taabu ya kuitafuta lugha yao katika mabaki ya vitabu. Wazee wetu wangalipo. Twendeni tukawaulize.